Mwalimu Nyerere mbele ya wajumbe wa Sepuka

KILA unapowadia msimu wa kuchukua na kurejesha fomu ndani ya vyama, huzuka katika vijiwe vya kahawa na mabaraza ya wazee swali ambalo halijapata kuhukumiwa. Je, viongozi wa zamani, wale ambao majina yao yamepewa barabara, shule na viwanja vya ndege, wangepenya katika kura za maoni za siku hizi?

Wamarekani wanao mchezo huo wa fikra, nao huucheza kila baada ya miaka minne wanapowapanga marais wao waliokwishakufa katika kinyang'anyiro cha uteuzi wa chama. Humtazama Abraham Lincoln, mtu mrefu mno, mwenye uso uliokunjamana na sauti nyembamba, wakajiuliza iwapo angedumu hata wiki moja mbele ya kamera. Husahau kwamba hata mwaka 1860, chama chake kilipokutana Chicago, hakuwa chaguo la kwanza. William Seward wa New York aliongoza duru ya kwanza kwa kura 173 na nusu dhidi ya kura 102 za Lincoln, na ilibidi kura zirudiwe hadi duru ya tatu. Mwenyewe alikuwa kwake Springfield akisubiri telegramu, huku wapambe wake, kwa mujibu wa wanahistoria, wakigawa ahadi za vyeo ukumbini.

Wala George Washington hakuwa mgeni wa mambo tunayoyajua hapa kwetu. Mwaka 1755 aliwania kiti katika baraza la koloni la Virginia akaanguka. Miaka mitatu baadaye aliwania tena, safari hii wapiga kura wakakirimiwa ramu, mvinyo na bia kwa gharama yake, akashinda. Kwa lugha ya Tanzania ya mwaka 2000 hiyo iliitwa takrima.

Hapa nchini mchezo huo huwa na jina moja tu la kuanzia, nalo ni Julius Kambarage Nyerere. Na kama ni kumpima, haifai kumpima Dar es Salaam, ambako kila mtu hudai alimfahamu. Heri apelekwe mahali kama Sepuka, kata ya wilaya ya Ikungi mkoani Singida, katika jimbo la Singida Magharibi, kwenye barabara inayotoka Singida mjini kuelekea Ndago na Kizaga. Ni nchi ya Wanyaturu, ya uwele na mtama, alizeti na kuku wa kienyeji, ambako mvua ikichelewa kila mtu huona, na ambako mgombea wa ngazi yoyote hulazimika siku moja kushuka kwenye gari na kueleza alichokuja kufanya.

Kwa kipimo cha Sepuka, nasaba yake isingemletea shida. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Nyerere Burito, chifu wa kabila dogo la Wazanaki, na Mgaya wa Nyang'ombe, mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Jina la Kambarage linahusishwa na mizimu ya mvua, jambo ambalo mkulima wa Singida angelipokea kwa tabasamu. Alichunga mifugo ya nyumbani kama watoto wenzake, meno yake yakachongwa kwa desturi ya Kizanaki, na hakuingia darasani hadi alipofikia umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, shule ya serikali iliyowaandaa watoto wa machifu na vijana wenye akili nyingi. Kutoka hapo alikwenda Makerere mwaka 1943, akabatizwa mwaka huohuo kwa jina la Julius, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarejea mwaka 1952 na shahada ya uzamili. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, akaajiriwa kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, kilomita zipatazo 20 kutoka Dar es Salaam.

Mpaka hapo palikuwa na mwalimu tu, mwembamba, mwenye masharubu madogo, asiye na nyumba mjini wala biashara, tena mgeni wa jiji.

Uchaguzi wa kwanza wa maana katika maisha yake ulikuja miezi michache baada ya kufika Pugu. Aprili 1953 chama cha Tanganyika African Association, TAA, kilifanya mkutano wake katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, kuchagua rais. Aliyekuwa akikiongoza ni Abdulwahid Sykes, na hakuwa mtu wa kupuuzwa. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Yeye mwenyewe alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, alisimamia soko la Kariakoo, na nyumba yake ilikuwa mahali pa kukutania wanasiasa wa mji. Alikuwa na mtandao, kwa neno lililozoeleka katika siasa za Tanzania tangu uteuzi wa mwaka 2005. Nyerere hakuwa nao. Hata hivyo kura zilipohesabiwa, mwalimu wa Pugu alimshinda mwenyeji kwa tofauti ndogo.

Jinsi ushindi huo ulivyopatikana kumezua mabishano ambayo hayajaisha. Wapo waandishi wanaoshikilia kwamba Sykes na wenzake walikwisha kukubaliana kumpisha mwalimu, kwa kuwa walimwona kuwa chombo bora cha kuvukia. Wapo wanaouona kuwa ushindani wa kweli. Yote mawili yanaweza kuwa na ukweli ndani yake. Lisilobishaniwa ni kwamba Sykes hakuondoka na kundi lake baada ya kura. Alibaki akifanya kazi chini ya mtu aliyemshinda, na tarehe 7 Julai, 1954, TAA ilipogeuzwa kuwa TANU, alikuwamo miongoni mwa waasisi 17. Alifariki Oktoba 1968, akiwa bado kijana wa makamo. Katika kura za maoni za leo mambo huwa kinyume, kwani aliyeshindwa hukata rufaa asubuhi na kuhamia chama kingine jioni.

Inafaa kusisitiza uchaguzi huo wa Arnautoglo kwa sababu moja kubwa. Ndio pekee ambao Nyerere alisimama ndani ya chama chake na kuwekwa mizani na mtu mwingine mwenye uzito. Katika miaka 37 iliyofuata, kuanzia TANU hadi CCM, hakuna aliyejitokeza kumpinga katika uongozi wa chama na kubaki kuwa tishio. Kwa hiyo anayetaka kubashiri angefanya nini mbele ya wajumbe wa leo hana ushahidi mwingine wa moja kwa moja isipokuwa ule wa usiku mmoja wa mwaka 1953.

Ushahidi wa kuzunguka upo, na huo ni mwingi. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kuieleza kesi ya Tanganyika. Nauli ilitokana na michango ya wanachama na marafiki wa TANU. Jambo hili linastahili kutazamwa na kila mjumbe aliyepata kupokea bahasha. Wakati ule fedha zilitoka kwa mwanachama kwenda kwa kiongozi, si kutoka kwa kiongozi kwenda kwa mwanachama, na mchangaji aliyetoa senti zake alijiona kuwa na hisa katika safari. Aliporudi, wakuu wa shule walimtaka achague kati ya chaki na siasa. Akajiuzulu ualimu, akarejea Butiama bila mshahara, na kwa muda alipata riziki kwa kuwafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Mtia nia wa siku hizi huacha kazi baada ya kuhakikishiwa jimbo. Yeye aliacha kabla hakujakuwa na jimbo lolote la kugombea.

Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora, alikabiliwa na wajumbe wenye hasira kuliko wowote aliopata kukutana nao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ili uandikishwe ilibidi uwe na elimu au wadhifa uliotajwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Kwa mkulima wa Jimbo la Kati, ambamo Singida ilikuwa sehemu yake, masharti hayo yalimaanisha kukaa pembeni na kutazama. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wamekwisha kuamua kususia. Nyerere aliona kwamba kususia kungewaachia wapinzani wa TANU viti vyote, akawaomba wale ambao wasingepiga kura wakubali wenzao wachache wapige kwa niaba yao. Alizungumza kwa muda mrefu, akapangua hoja moja baada ya nyingine, na mwishowe akabadili nia ya mkutano. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka na kuunda chama cha African National Congress.

Kubadili nia ya ukumbi uliokwishaamua ni kipaji ambacho fedha hazikinunui. Ndicho kingekuwa mtaji wake mkubwa Sepuka. Lakini hapo pana tatizo. Kipaji hicho kilihitaji muda, na kilihitaji wajumbe waliokuja kusikiliza. Utaratibu wa kura za maoni wa miaka ya karibuni humpa mtia nia dakika chache za kujinadi, mara nyingine akiwa kwenye msafara mmoja na wenzake, na maswali huwa machache. Kwa dakika tatu au tano Nyerere angekuwa bado anaeleza historia ya suala.

Mwaka huohuo wa 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni katika jarida la chama, akatiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000, sawa na pauni 150, kiasi kilekile kilichotakiwa kwa mwaka mzima ili mtu apewe haki ya kupiga kura. TANU ililipa. Chini ya masharti ya leo ya maadili, kamati ya chama pengine ingetumia kikao kizima kujadili hukumu hiyo kabla ya kulipitisha au kulikata jina lake. Katika uchaguzi uliofuata alisimama Jimbo la Mashariki dhidi ya Patrick Kunambi na kushinda.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ndio unaowafundisha watu wa kaskazini na kati jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo bila kupingwa. Kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko chama kilimteua Chifu Amri Dodo. Wananchi wakamtaka Herman Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, akasimama kama mgombea binafsi na kumwangusha mteule rasmi. Kwa maneno mengine, siku ile ambayo chama kilikuwa na nguvu kuliko siku yoyote, Mbulu ilikwisha kueleza kwamba jina linaloteremshwa kutoka juu si lazima liwe jina la watu. Nyerere hakulipuuza somo hilo. Aliona kwamba pale ambapo chama kimoja kinakubalika na karibu kila mtu, kumpa mwananchi jina moja la kupigia kura ni kumnyima uchaguzi.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba, 1961. Siku 44 baadaye, tarehe 22 Januari, 1962, alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi na kukijenga upya chama kilichokuwa kimehamia maofisini. Ni vigumu kumpata mwanasiasa wa sasa atakayeacha kiti cha waziri mkuu baada ya wiki sita ili akakae na makatibu wa matawi. Novemba mwaka huo aligombea urais dhidi ya Mtemvu, akapata kura 1,127,978 kwa kura 21,276. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa jina lake kuwekwa sambamba na jina la mtu mwingine katika karatasi ya kura.

Utaratibu uliofuata ulikuwa kazi ya mikono yake, na ndio babu wa kura za maoni zinazolalamikiwa leo. Mwaka 1964 aliunda tume iliyoongozwa na Kawawa kutafuta namna ya kuwa na demokrasia ndani ya chama kimoja, na katiba ya muda ya Julai 1965 ikaufanya kuwa sheria. Watia nia ubunge walipigiwa kura na mkutano mkuu wa wilaya wa TANU. Majina yalipelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikarudisha mawili, na wananchi wote, wawe wanachama au la, wakachagua mmoja. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Waliruhusiwa kuhutubia katika mikutano ya pamoja iliyoandaliwa na chama cha wilaya. Kutumia fedha binafsi, kujinadi kwa kabila, dini au rangi, na kufanya mikutano ya kichinichini kulikatazwa.

Septemba 1965 nchi ilishuhudia maajabu. Paul Bomani, waziri wa fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba, aliangushwa Mwanza. Bibi Titi Mohamed, ambaye sauti yake iliwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU wakati wa kudai uhuru, aliangushwa Rufiji. Wakati huohuo Amir Jamal, mwenye asili ya Asia, alishinda Morogoro dhidi ya Mwafrika. Mtindo huo uliwaumiza wakubwa na kuwafurahisha wadogo, na kwa mara ya kwanza mbunge alilazimika kurudi jimboni.

Lakini mtunzi wa utaratibu hakuuingia. Kwa urais palikuwa na jina moja na chaguo la ndiyo au hapana, na mwaka 1965 zaidi ya asilimia 95 walisema ndiyo. Ilikuwa hivyo mwaka 1970, 1975 na 1980. Wapenzi wake husema hapakuwa na wa kushindana naye. Pengine. Hata hivyo, mtu aliyeamini kwamba Bomani na Bibi Titi walistahili kupimwa na jembe na nyumba, hakuona haja ya kupimwa hivyo yeye mwenyewe, na nyuma ya utulivu huo ilikuwapo Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyompa rais mamlaka ya kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani.

Upande wa mali, hakuna mjumbe ambaye angepata la kumsuta. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kulalamikia mishahara ya wakubwa, aliwafukuza chuoni kwa mamia, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 pamoja na ya viongozi wa juu wa serikali. Februari 1967 Azimio la Arusha likaja na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Lau masharti hayo yangetumika kuchuja watia nia wa karne hii, orodha zingekuwa fupi kuliko foleni ya duka la kijiji wakati wa masika. Yalilegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM iliyokutana Zanzibar mwaka 1991, wakati yeye amekwisha kung'atuka uenyekiti, na hakuficha uchungu wake.

Mjumbe wa Sepuka, hata hivyo, hapimi mali peke yake. Hupima pia yaliyompata. Wanyaturu kwa asili walikaa kwa kutawanyika, kila kaya karibu na shamba na zizi lake. Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji kumekuwa amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Mamilioni ya watu nchini walihamishwa, wengi kwa hiari ya shingo upande, baadhi kwa nguvu, na sehemu nyingine nyumba za zamani zikabomolewa au kuchomwa moto. Mbolea ya zizi ikabaki nyuma, shamba likawa mbali, mifugo mingi ikabanana mahali pamoja. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilikwisha kufutwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, hivyo mkulima akakosa pa kupeleka manung'uniko isipokuwa kwa yuleyule aliyemhamisha. Nyerere mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba kufuta vyombo hivyo viwili kulikuwa kosa.

Palepale penye donda pana dawa pia. Vijiji hivyohivyo ndivyo vilivyopata shule, visima na zahanati. Mwaka 1974 chama kiliazimia mjini Musoma kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977, na madarasa yakaanza kujengwa kwa nguvu za wananchi. Kampeni za kisomo cha watu wazima ziliwafundisha wazee kusoma majina ya wagombea badala ya kutegemea jembe na nyumba. Kwa hiyo katika mkutano wa kata mjumbe mwenye miaka 75 angesimama kumwuliza juu ya nyumba ya baba yake iliyobomolewa, na mjumbe mwenye miaka 55 angesimama kumshukuru kwa darasa la kwanza alilokalia. Kisha wangefuata wale wanaokumbuka foleni za sukari, sabuni na kanga baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Hao ni wengi.

Na vijana? Wengi wa wajumbe vijana walizaliwa baada ya kung'atuka kwake. Wangetaka kujua ana mpango gani wa mbegu bora za alizeti na bei yake, na kwa nini barabara ya vumbi imechukua muda mrefu. Angewajibu vizuri juu ya kujitegemea. Wangemwuliza amekuja na nini.

Hesabu ya gharama haimpendelei. Mwaka 2015 aliyetaka kuteuliwa na CCM kugombea urais alilipia fomu shilingi milioni moja, kisha akatakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Waliochukua fomu walizidi 40. Wadhamini 30 wa Singida Nyerere angewapata kabla ya adhuhuri, pengine kwa kuomba kivuli cha mti na kuanza kuzungumza. Lakini magari ya kuzunguka mikoa hiyo yote yangemlazimu kutafuta mfadhili, na mfadhili hutaka kulipwa. Katika ngazi ya ubunge utaratibu umebadilika mara kwa mara. Mwaka 2010 na 2015 walipiga kura wanachama wote wenye kadi. Mwaka 2020 kazi ilirudishwa kwa wajumbe wa mkutano mkuu, na watia nia wengi walioanguka wakatoka na msemo maarufu wa kuwalaumu wajumbe. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe ikapanuliwa. Nia ya mabadiliko hayo yote ilielezwa kuwa ni kuizidi ujanja rushwa, nayo rushwa imekuwa ikijifunza upesi.

Mwenyewe alipata kuushuhudia mfumo huo ukizaliwa upya, akiwa pembeni. Mwaka 1985 alikwisha kuacha urais kwa hiari. Majina ya Ali Hassan Mwinyi, Salim Ahmed Salim na Kawawa yalijadiliwa katika vikao vya juu, na lililofika kwa wananchi likawa moja, la Mwinyi. Mwaka 1990 aliacha uenyekiti wa CCM. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipobaini kwamba asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, yeye alikuwa miongoni mwa waliounga mkono asilimia 20, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Mwaka 1994 alichapisha kitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwashambulia bila kuficha viongozi wa chama alichokiasisi.

Kisha ukaja mwaka 1995. Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana Dodoma mwezi Julai ukiwa na majina matatu. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete, kijana kuliko wenzake, aliongoza kwa kura 534. Benjamin Mkapa alipata 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Katika duru ya pili Mkapa alipata kura 686 na Kikwete 639. Karata ya Nyerere ilikuwa Mkapa, na kila mjumbe aliijua. Ushawishi wa mzee huyo, asiye na cheo chochote wakati huo, ulitosha kusukuma mizani kwa kura 47 juu ya mshindani. Wanaopenda kuamini kwamba angepita bila jasho katika mchujo wowote waitazame namba hiyo vizuri. Baba wa Taifa mwenyewe, katika ukumbi uliojaa watu aliowalea, alihitaji duru mbili.

Baada ya hapo alizunguka nchi kumfanyia Mkapa kampeni, akiwa na umri wa miaka 73. Alirejea Butiama kwenye mashamba yake, akachukua kazi ya kusuluhisha mgogoro wa Burundi, na alikuwa bado na kazi hiyo alipougua saratani ya damu. Alifariki katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, tarehe 14 Oktoba, 1999, na kuzikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo.

Mwaka uliofuata Bunge lilirekebisha sheria ya uchaguzi na kuiruhusu takrima. Ilidumu hadi Aprili 2006, ilipofutwa na Mahakama Kuu.